Ukoo wa Mnyauko

Jumamosi, 7 Juni
Neli wangu kachumbiwa na Sadoki, mtoto wa jirani Felista! Nimepiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mchana kaja Doreen wa chuo, anafuatilia mnyauko wa migomba. Eti vijidudu vyake navyo vina ukoo. Wanapima vinasaba, wanajua vya shamba hili ni ndugu wa vya shamba lipi, na vilianzia wapi. Miche ya Felista nilimpa mimi, na sasa inakufa! Migomba yangu miwili nayo ina unjano. Ikijulikana ni mimi, uchumba umekwisha. Doreen kaacha bahasha, kila mtu atie jani linaloumwa. Kasisitiza: ukishakata, panga lipite motoni. Sawa mwanangu, nikamwambia.

Jumapili, 8 Juni
Kwaya tumealikwa Busale. Nimeimba na panga chini ya joho. Nyuma ya kanisa kuna shamba la sijui nani, lenye choo cha bati jekundu. Migomba imenyauka vizuri! Nikakata jani, nikalitia kwenye bahasha yangu. Ugonjwa wa mbali, undugu na wa Felista utatoka wapi? Panga nimelichomeka darini. Kuwasha moto? Watu wangeuliza.

Jumatano, 18 Juni
Kyala wangu, Mungu wangu! Doreen kasoma majibu mbele ya wote. Vijidudu vyangu na vya Felista ni kama mapacha. Felista kasimama, kaniuliza: Mama Neli, ulinipa miche au ulinipa msiba? Sadoki kainamisha kichwa. Neli hajala. Nami nitasemaje kwamba jani si langu? Doreen kakunja uso, kasema la kwangu atakata upya mwenyewe.

Ijumaa, 27 Juni
Shamba langu safi! Unjano ni njaa ya mbolea tu. Doreen kaniomba radhi, anadhani alichanganya bahasha. Nimemsamehe, nina moyo mimi. Ugonjwa wa Felista umetoka Busale, kwa kaka yake Aliko, aliyekuja kumpunguzia migomba na panga lake. Nikauliza kwa upole kama Aliko ana choo cha bati jekundu. Anacho. Felista kaja mdogo kama pilipili, kasema nimsamehe, uchumba uko palepale. Kaomba miche ya kuanzia shamba la maharusi, itoke kwangu tu. Ndaga fijo, asante sana, mkwe!

Jumamosi, 28 Juni
Nimeamkia kukata miche ya mwanangu. Panga nimelitoa darini, bado lina utomvu wa Busale. Neli kauliza: mama, hulipitishi motoni? Nikacheka. Moto wa nini? Shamba limepimwa, ni safi!