Miti ya Wajukuu na Ukumbi wa Mipango

Ndugu Afisa Mipango,

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, ingawa mara tatu nilizokuja nilikuta koti lako tu kwenye kiti. Mimi ni katibu wa jamii yetu ndogo ya wenyeji, watu sabini na watatu pamoja na mtoto mchanga wa juzi. Tumepokea Mpango wenu wa Miaka Hamsini na, kwa heshima zote, umetuchefua.

1. Mmeandika kwamba hatujui kupanga mambo ya mbele. Huku kwetu kila mtoto akizaliwa tunampandia miti kumi na miwili nyuma ya kisima, ili akifika umri wa kujenga akute nguzo zake zimesimama. Mke wangu, ambaye hajakanyaga semina hata moja, huwapandia hadi wajukuu ambao wazazi wao bado wako shule ya msingi.

2. Mtaalamu wenu, tunayemwita Bwana Kalamu kwa sababu ana tano mfukoni na zote hazina wino, aliipiga picha miti hiyo akaandika "ardhi isiyotumika". Jumatatu mnakuja kuikata mjenge Ukumbi wa Mipango, tufundishwe humo kufikiria vizazi vijavyo. Nilisoma mara mbili nikidhani miwani imenidanganya.

3. Kama kitu kinachomsubiri mwenye nacho hakitumiki, basi na kiti chako hakitumiki. Tunaomba kibali tumweke hapo kuku wetu atagie. Yeye angalau huonekana kazini kila asubuhi. Koti libaki, litampa joto.

4. Mnadai tulikubali wenyewe. Hilo ni tusi. Ni mpumbavu gani angetia sahihi nguzo za mjukuu wake zikatwe? Nitajie jina lake, tumfukuze kabla hajamaliza chai.

Kwa hiyo mashine zenu zirudi zilikotoka.

Wasalimie wote hapo, hasa mlinzi, maana ndiye pekee anayenikaribisha.

Wako mwenye hasira lakini na adabu zake,
Katibu

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeufikia ukurasa wa mwisho wa Mpango wenu, wenye sahihi zetu. Sahihi ya kwanza ni yangu. Siku ile Bwana Kalamu alipopitisha karatasi, niliwaambia wenzangu ni ya mahudhurio, wasaini upesi soda zisipate moto, nao wakasaini kwa sababu mwenye miwani ni mimi. Mke wangu hajui. Yule mtoto wa juzi ni mjukuu wangu, na miche yake bado inanifika kifundoni. Nakuomba uiache, ndugu yangu. Na lile jina, tafadhali, usilitaje.