Uzio Usioonekana

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wetu, tunayemwita Kifaranga, ameanza kutembea. Nyumba nzima inashangilia isipokuwa mke wangu, anayelitazama bwawa letu la kuogelea kama limemtukana. Anataka lizungushiwe uzio wa alumini. Mimi nataka wa kioo. Jioni nilikwenda kukaa pale. Maji yametulia, mawingu yanapita ndani yake polepole. Nani huweka mawingu gerezani? Nikasinzia kitini, nikaota uzio mwepesi kama pumzi. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaunga mkono alumini. Yeye siku zote yuko upande ambao mimi sipo.

Jumatano, 5 Machi

Mpango madhubuti. Nimewapeleka mke wangu na shemeji kwenye karakana ya fundi wa alumini, waone jinsi mtoto atakavyoupanda uzio wake kama ngazi. Nikaupanda mwenyewe. Kwenda juu, safi kabisa. Kushuka ndiko kulikogoma. Suruali ilinaswa kwenye ncha ya ufito, nikabaki nikining'inia. Lazima nikiri palikuwa na raha yake: karakana imenyamaza, vumbi la alumini linametameta juani, miguu yangu haina mzigo. Kisha fundi akaleta ngazi. Mke wangu akasema kama mtu mzima ameshindwa, mtoto hataweza. Akachagua rangi nyeusi. Shemeji alikuwa anapiga picha.

Ijumaa, 7 Machi

Sijashindwa. Mke wangu akiwa kazini, fundi wa vioo amenifungia kipande kimoja cha majaribio, upande wa kina kirefu. Uzuri wake hausemeki. Nimeshinda nikikifuta. Bustani na maji vimekuwa kitu kimoja, na mimi mwenyewe nimo humo, mwembamba kuliko nilivyo. Mke wangu aliporudi alikigusa kwa kiganja, akakizunguka mara mbili. Nikajua amelainika. Halafu akauliza pande nyingine tatu ziko wapi. Nikamwambia azifikirie tu.

Jumapili, 9 Machi

Niliachiwa Kifaranga. Akasimama kwenye kioo, akabandika pua, akakilamba. Mimi kitini, nikafumba macho kidogo tu ili niuone uzio ukiwa umekamilika. Nilipofumbua, alama za vidole zilikuwa zimefika mwisho wa kioo na mtoto ameshazunguka. Ameinama ukingoni, anataka kushika wingu. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka gauni lake mkononi mwangu, nikamrusha nyuma kwenye nyasi, kisha maji yakanifunika mimi. Nilipoibuka alikuwa anacheka.

Mke wangu alitoka mbio, akamkumbatia, akakaa naye chini palepale. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

"Mzee," akasema, "mimi sitafuti uzio mzuri. Nataka nimwone huyu akienda shule."

Nikasema iwe alumini. Nilisema kwa moyo wote, maji yakinichuruzika masikioni.

Jumamosi, 15 Machi

Uzio umesimama. Mweusi, imara, pande zote. Kifaranga ameutikisa mpaka akachoka, haukusogea. Shemeji anauzunguka mikono nyuma utadhani ameujenga yeye. Mke wangu amelala usingizi wa mchana, na nyumba nayo imetulia kama imepewa ruhusa.

Nimekaa nje ya fito. Maji yamekatwa vipande virefu vyembamba, lakini mwanga unapita katikati yake vilevile, unayumba, unarudi. Nimejitafakari sana. Nilikuwa mjinga, tena mjinga wa hatari. Tamaa ya macho imekwisha. Mimi ni mtu mpya.

Imebaki nafasi ya lango tu, ambayo fundi ameiziba kwa mbao ngumu mpaka atakaporudi. Nimeyapima upya maneno ya mke wangu, neno kwa neno, kwa heshima. Alizungumzia uzio. Lango hakulitaja.

Fundi wa vioo anakuja Jumatatu, mke wangu akiwa kazini.