Taa ya Kibodi ya Mama

Jumatatu, 3 Februari

Mama kapiga simu mchana. Taa ya kibodi imezimika! Nikamwambia atulie. Kumbe yeye ametulia zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama, kijiko mkononi, supu inadondokea sakafuni.

Si jambo dogo. Tangu apasuliwe macho, Mama hawezi kuvumilia taa ya darini. Anasema inamchoma kama sindano. Anakaa chumbani mwake kule nyumba ya wazee, pazia limefungwa, na kila alasiri anamwandikia dada yake, Mama mkubwa Lempi, kwa ile kompyuta mpakato. Herufi zinang'aa kutoka chini, anaziona, anaandika. Lempi naye amelazwa hospitali huko Hancock. Moyo umechoka. Simu haifai, masikio yake yalikufa miaka mingi iliyopita. Basi wanaandikiana. Habari za mchungaji mpya, za supu ya jana, nani kaanguka kwenye barafu.

Mama akasema haoni hata herufi moja. Akauliza ampigie Leland?

Leland! Kaka yangu. Mhandisi wa madaraja, Minneapolis. Ndiye aliyemnunulia Mama kompyuta hiyo Krismasi, ikafika na utepe mwekundu. Mimi nilimpa sapatu za manyoya. Zote mbili za mguu wa kushoto. Mpaka leo watu wanacheka.

Nikasema Mama, usimsumbue Leland, ana madaraja yake. Mwanao niko hapa hapa Duluth. Nimeendesha gari la kusukuma theluji maisha yangu yote, nitashindwa na kitaa?

Leland anakuja Jumapili. Akifika atakuta kibodi inawaka na Mama ananisifu. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya kuonekana mnyenyekevu.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa Mama na begi la zana. Nesi mlangoni kaniuliza kama nimekuja kurekebisha bomba.

Nikaizima kompyuta. Nikaiwasha. Hakuna kitu. Nikaizima tena, safari hii kwa ukali. Hakuna kitu.

Mama akaniletea kahawa. Akauliza kwa upole kama si kile kitufe chenye picha ya jua. Anasema Leland alimwonyesha wakati wa Krismasi, ukikibonyeza taa inawaka, ukikibonyeza tena inazimika, pengine kidole kimekigusa bahati mbaya. Nikamwambia Mama, mambo haya si mepesi hivyo. Vitufe vile ni vya urembo.

Nimesoma mtandaoni. Mmoja anasema chaji ikipungua, taa hujizima. Mwingine anasema kuna kijicho karibu na kamera kinachopima mwanga wa chumba. Wa tatu anamtukana wa pili. Nikafuata ushauri wa wote. Nikabadilisha kila kilichoweza kubadilishwa. Mara kompyuta ikaanza kuongea! Sauti ya mwanamke, inasoma kila kitu kwenye skrini. Kwa Kihispania. Nikashindwa kuinyamazisha. Mama akasema mwache, angalau ana sauti nzuri.

Nikaamua kuibeba nyumbani. Nilipofika mlangoni Mama akasema, "Wendell, mwanangu, kabla hujaondoka, si uniandikie maneno mawili tu kwa Lempi? Mimi nitasema, wewe uandike."

Nikamwambia hapana, kesho utaandika mwenyewe, kwa vidole vyako, taa inawaka. Nilisema kwa moyo wote. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 5 Februari

Kompyuta inajisasisha. Duara linazunguka. Nimepika, nimekula, nimesukuma theluji mlangoni, nimerudi. Duara linazunguka.

Leland kapiga simu. Mama kamwambia! Nyumba ile haina siri. Akaniuliza, "We Wendell, umebonyeza kile kitufe chenye jua?"

Nikasema, "Nimebonyeza, kwani mimi mtoto?"

Sijabonyeza. Na sasa siwezi kubonyeza. Nikibonyeza ikawaka, atakayekuwa ameitengeneza ni Leland, tena akiwa amekaa kwenye kiti chake Minneapolis. Haiwezekani. Afadhali niifungue.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeifungua.

Skrubu ni ndogo kama mbegu za ufuta. Nilizipanga vizuri kwenye bati la kuokea keki, kila moja na mahali pake. Kisha nikapiga chafya.

Ndani hakuna cha ajabu. Vumbi, makombo ya biskuti za Mama, na utepe mwembamba wa waya wa taa ya kibodi. Niliuvuta kidogo, kuujaribu uimara. Ukalia krik.

Nikarudishia kila kitu. Skrubu kadhaa zimebaki, nadhani ni za akiba. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona, nikabonyeza kitufe cha jua.

Haikuwaka! Nilifurahi mno. Nilizunguka meza. Leland kakosea!

Furaha ilidumu mpaka nikautazama utepe uliobaki nje. Umechanika katikati. Nikaketi.

Ijumaa, 7 Februari

Mama kapiga simu asubuhi. Saimi, binti wa Mama mkubwa, amempigia kutoka hospitali. Anasema Lempi kila akizinduka anamuulizia Mama kwa jina, Aune kaandika? Wanamwonyesha kishikwambi chake, hakuna kipya. Anasema basi, labda Aune amenuna.

Mama hakunilaumu. Alisema tu nimletee kompyuta hivyo hivyo ilivyo, atajaribu kwa tochi. Nikamwambia tochi itamuumiza macho. Nikamwambia avumilie kidogo tu. Akasema, "Mimi navumilia, Wendell. Sijui yeye."

Sikupenda alivyosema hivyo. Nilikosa hamu ya kula.

Halafu, nikiwa nimekaa gereji natazama zana za kuvulia samaki, likanijia wazo. Rangi! Ile rangi inayong'aa gizani tunayopaka chambo tukivua kwenye barafu! Samaki wanaiona chini kabisa ya ziwa, sembuse Mama kwenye meza yake? Nani ana haja ya umeme?

Nimeng'oa vitufe vyote ili nipake vizuri. Mkono wangu si mbaya. Herufi ya O imetoka kama jicho la samaki, lakini ina haiba.

Nikavirudisha. Baadhi kwa kukisia.

Jumamosi, 8 Februari

Ushindi! Kwa muda.

Nilimwekea Mama kompyuta mapajani, pazia limefungwa. Herufi zikang'aa kijani chumba kizima. Mama akapiga makofi. Akacheka, cheko ambalo sijalisikia tangu Baba afariki. Akasema inafanana na ziwa wakati wao ni wasichana, yeye na Lempi, wakitembea juu ya barafu na taa za chemli. Sijawahi kumfurahisha mtu hivyo. 

Akaanza kuandika. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Kitufe kikibonyezwa hakirudi. Jina la Lempi likajaza mstari mzima. Halafu M ikawa inatoa N, na N inatoa P. Yule mwanamke wa Kihispania akawa anasoma yote kwa sauti.

Kisha herufi zikaanza kufifia. Kumbe rangi ile lazima ipate mwanga kwanza ndipo ing'ae, na chumba cha Mama hakina mwanga! Nikaikimbiza kompyuta msalani, nikaiweka chini ya taa, nikairudisha. Mama akaandika neno. Ikafifia. Nikakimbia tena. Nesi alikutana nami kwenye korido nimekumbatia kompyuta, akanipisha bila kuuliza.

Mwisho Mama akachoka.  Akasema, "Keti mwanangu. Mimi naongea, wewe andika kwenye simu yako. Nataka tu ajue sijanuna."

Nilikaribia kukubali. Kweli nilikaribia. Lakini nikafikiri, Leland anakuja kesho, na nitamwonyesha nini? Simu? Nikamwambia tumebakiza kidogo sana, ipakwe mara ya pili tu.

Akauliza, "Haya, lakini hiki nilichoandika, kimekwenda?"

Nikasema kimekwenda.

Hakikwenda. Tangu niifungue juzi, mtandao haushiki. Nitakituma nyumbani nikishaurekebisha na kunyoosha herufi. Hakuna ubaya.

Jumapili, 9 Februari

Leland amefika kabla ya chakula cha mchana, na koti zuri. Kompyuta nimeificha kwenye kibanda changu cha kuvulia, kule ziwani juu ya barafu. Nilimwambia iko kwa fundi. Akauliza fundi gani. Nikasema fundi mmoja.

Hakubishana. Alivuta kiti karibu na Mama, akatoa simu yake, akasema, "Mama, sema, mimi naandika."

Basi. Hivyo tu! Bila bisibisi hata moja!

Mama akafumba macho akaanza kusema. Alisema kwamba hajanuna, kwamba macho tu ndiyo yamemzuia. Akamkumbusha Lempi siku walipoiba pai ya matunda ya blueberi kwa Bibi Kettunen wakala yote chini ya ngazi za kanisa. Akasema dada, ukitangulia usiende mbali, unajua siwezi kutembea haraka. Leland aliandika huku anajifuta pua. Mimi nilisimama dirishani. Nilipanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika.

Leland akatuma. Mama akatabasamu, akaomba kahawa.

Kahawa haijapoa simu ikaita. Saimi. Leland akaiweka sauti kubwa ili Mama asikie. Lempi amekufa asubuhi, watu wakiwa kanisani. Barua ya Leland wameiona ikiingia wakati wanakunja shuka za kitanda chake.

Mama aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Saimi, mwanangu, ile ya jana aliisoma?"

Saimi akasema, ya jana ipi, Mama mdogo? Jana hakukuingia kitu.

Mama akageuka kunitazama. Mwanga mdogo, sijui alikuwa anaona kiasi gani. Nikasema mitandao ya siku hizi, Mama. Hasa hali ya hewa ikiwa hivi.

  Leland alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la Mama, mtu mzima na koti lake zuri. Mama akamshika nywele. Mkono wa pili ulikuwa juu ya kiti, mtupu. Nilitaka kwenda upande ule. Lakini ingeonekana ninamwiga.

Jumatano, 12 Februari

Tumekwenda Hancock kuzika. Leland anaendesha, Mama mbele, mimi nyuma na sinia la nyama na viazi limenikalia magotini. Theluji njia nzima. Nilimwambia Leland apunguze mwendo kwenye kona, barabara za theluji nazijua mimi. Akapunguza, akasema asante kaka. Sijui kwa nini asante ile iliniuma.

Kanisani Mama aliomba aachwe na Lempi peke yake kidogo. Tukasimama mlangoni. Tulimwona ameinama kwenye sikio la dada yake, sikio ambalo halikusikia kitu miaka yote ile, na anaongea. Aliongea sana. Mara moja alicheka. Wachimba kaburi walikuwa wanasubiri na mashine yao ya kuyeyusha udongo ulioganda, hakuna aliyemharakisha.

Saimi akatuambia kwamba siku za mwisho Lempi hakutaka kishikwambi kiondolewe kifuani. Kila kikipungua chaji alimwita nesi.

Leland akalia. Mimi pia nilitaka, machozi yalikuwa yameshafika. Lakini yeye ndiye aliyeanza, kwa hiyo nikaenda kuangalia upepo wa matairi.

Wakati wa kurudi Mama alilala. Au alifumba macho. Leland akanong'ona, "Wendell, lakini ungeniambia tu." Nikajifanya nimelala na mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Leland amerudi kwake. Kabla ya kuondoka alimletea Mama kitaa kidogo cha kupachika mezani, chenye kifuniko, mwanga wake hauumi kabisa. Anaona kila kitu sasa. Anaona mpaka vumbi.

Lakini kompyuta haitaki. Nilimwambia nakaribia kuimaliza, akasema niichukue iwe yangu. Akasema yeye hana tena wa kumwandikia. Anachotaka ni mtu wa kukaa naye alasiri, basi, hata bila kuongea. "Njoo tu, Wendell. Njoo mikono mitupu."

Maneno yale nimeyabeba siku nzima. Nimeyatafakari sana, na nimeelewa anachohitaji.

Anahitaji wa kumwandikia! Na huyo ni mimi! Kibodi ikiwaka, Mama ataniandikia mimi kila alasiri, na mimi nitamjibu, kama alivyokuwa na Lempi. Leland yeye anampigia simu tu, na simu kila mtu anaweza. Nimeshaagiza utepe mpya wa waya. Nimeshakwangua rangi yote, pamoja na baadhi ya herufi. Nimenunua na gundi.

Mama kapiga simu sasa hivi, anauliza kama nakuja. Ameomba biskuti jikoni, kuna vikombe viwili tayari. Nikamwambia leo haitawezekana, nimebanwa na kazi yake. Kesho pia sidhani. Akasema sawa mwanangu, atanisubiri.

Nikamwambia asimwambie Leland.