Reli ya Mbavu za Mwavuli

Jumatatu, 28 Juni 1976

Umma utangaziwe: leo saa moja na robo asubuhi, mwavuli mweusi wa mke wangu Tatu, mama yake Sophia, umetaifishwa. Fidia hakuna. Mbavu zake nane za chuma sasa ni reli.

Sababu ni nzito. Saba Saba tawi letu hapa Kariakoo linapokea mgeni rasmi kutoka wilayani, na pametakiwa kitu cha kumwonyesha. Nikasimama mkutanoni nikasema nitajenga Reli ya Uhuru juu ya ubao, Dar mpaka Kapiri Mposhi, na treni litatembea lenyewe. Makofi! Mimi ni karani wa ghala, kazi yangu magunia. Reli ya kweli nimeiona mara mbili, kwa mbali. Lakini mtaani wanajua nilikuwa mjenzi. Sijui nani kawaambia. (Ni mimi.) Kwa hiyo treni lazima litembee. Likigoma, jina la Fikirini wa Reli limekwisha.

Mwavuli mmoja hautoshi. Fundi miavuli wa Mtaa wa Swahili kanipa mifupa ya mingine sita, bure. Kaniuliza kama nafuga popo.

Jumanne, 29 Juni

Balaa! Onesphory, seremala wa nyumba ya pili, naye kaomba kujenga. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Benedikta, akakata shauri bila kuinuka kwenye kigoda: kazi hii ni ya ujamaa. Mimi Dar mpaka Makambako, Onesphory Makambako mpaka Zambia. Siku ya siku tunaunga.

Onesphory akatoa futi yake. Ya inchi! Nikamwuliza kama bado anamfanyia kazi Mwingereza, nchi ishahamia sentimita. Akasema haya, lete rula yako ya sentimita. Sina. Nikafikiri upesi: tupime kwa vidole. Reli na reli, kati vidole viwili. Kila mwananchi anavyo na havipandi bei. Mama Benedikta akasema kumbe kichwa changu si cha kuvalia kofia tu. Ushindi!

Ijumaa, 2 Julai

Injini imepatikana. Tatu ana saa ya kengele, humwamsha saa kumi alfajiri akaange vitumbua vya kuuza. Jana nimetoa mtambo wake nikauingiza kwenye kopo la samaki, magurudumu vifungo vya koti. Inatembea! Kutoka kabatini hadi mguu wa kitanda. Ganda la saa nimelirudisha mahali pake, mishale imesimama kwa heshima.

Leo Tatu kaamka jua limeshatoka. Wateja wamejaa barazani, chai mkononi, kitumbua hakuna. Kasema saa imekufa. Nikampa pole.

Milima tayari: magazeti na uji wa unga wa njano, ule ambao nyumba nzima tunaula kwa kununa. Msitu ni dodoki nililolikatakata nikalichovya kwenye rangi ya kijani ya Tatu ya kutilia ukili wa mikeka. Haitoki kwa kunawa. Nimeenda Sala ya Ijumaa kijani mpaka viwikoni. Jirani wa safu kaninong'oneza kama nimechukua kadi ya chama au nimechovywa ndani yake.

Daftari hili lakini ni salama. Tatu anasoma kisomo cha watu wazima. Nadhani bado wako kwenye ba be bi.

Jumapili, 4 Julai

Kuku wa Mama Benedikta kaingia akaula mlima. Nusu ya Udzungwa! Pamebaki tundu. Nimeliita handaki. Zuri kuliko nilivyopanga.

Jioni Onesphory kapiga hodi. Jirani, tuunge mara moja tuone. Nikatoa pua tu mlangoni. Nia yake naijua, aibe handaki. Nikamwambia mambo ya uhandisi hayafunuliwi kabla ya wakati. Akasema shauri yako, Bwana Reli, nilitaka tujaribu kabla hatujaadhirika. Tuadhirike! Wivu ni ugonjwa. Akanipa mkono wa kuagana. Vidole gani vile! Ndizi mzuzu mbichi. Vyangu ni kama njiti za mshikaki. Nimecheka peke yangu hadi chakula kikapoa.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Siku tukufu. Treni liliondoka Dar, likapita handakini, likafika Makambako, likasimama. Mgeni rasmi akakunja uso. Mimi, bila kutetereka, nikamweleza kwa sauti ya kiume kwamba hapo ndipo linaposimama kwa makusudi. Akafurahi mno. Watu wakanibeba. Onesphory alikuwa pembeni, hakuwa na la kusema. Nalala nikiwa shujaa.

Alhamisi, 8 Julai

Nimerudi kutoka kazini nikakuta chini ya maneno hayo ya jana mstari wa penseli, herufi kubwakubwa kama matofali: BABA SOPHIA ANDIKA KWELI. NA SAA YANGU NIMEIJUA.

Kumbe kisomoni wako kitabu cha nne!

Haya. Kweli ni hii. Treni liliondoka Dar, likapita handakini, sawa. Makambako reli yangu ina upana wa vidole viwili vyangu. Ya Onesphory ina upana wa vidole viwili vyake. Treni likadumbukia katikati ya ndizi mzuzu, likalala ubavu, likaanza kupiga kengele. Kengele yote, mpaka mwisho. Tatu, aliyekuwa safu ya akina mama, akasimama akasema hadharani, "Ee! Saa yangu hiyo!"

Nilitaka kuingia kwenye handaki.

Aliyesema ni Onesphory. Kavua kofia, kasema, "Ndugu mgeni rasmi, reli ya zamani ya serikali na hii ya Uhuru hazilingani upana, na kila mfanyakazi wa reli anajua. Fundi wetu Fikirini kaonyesha mizigo inavyohamishwa. Hiyo kengele ni ya kuwaita makuli." Kisha akaliinua treni kwa vile vidole vyake, akayatanua magurudumu kwa nguvu moja tu, akaliweka upande wake. Likaenda mpaka Zambia. Mgeni kapiga makofi, kasema tawi hili lina watu wanaofikiri. Hakuna aliyenibeba. Onesphory kanishika mkono tu, tukarudi nyumbani, akanisaidia kuurudisha mtambo ndani ya ganda la saa. Kasema kwa upole, "Mwakani, jirani, tupime kwa futi."

Mtu mwema. Nimeandika, Tatu, umeridhika?

Lakini kuhusu mwakani, futi hapana. Nimeshapanga: bandari nzima, na gati, na maji ya kweli ndani ya karai la kufulia. Onesphory nusu, mimi nusu. Vidole nimeona vina kasoro, vinatofautiana. Safari hii tutapima kwa nyayo.

Daftari nalihamishia chini ya gunia la unga wa njano. Huko hagusi mtu.