Mshale wa Mfalme Kwenye Mlango wa Choo

Kwa idhini ya Mfalme wa Uingereza, umma wote unatangaziwa kwamba zoezi la kuweka alama kwenye misonobari ya kijiji chetu cha Pickerel, jimbo la New Hampshire, limekwenda kwa mafanikio makubwa, ukiacha suala la choo.

Mimi ndiye niliyeshika shoka. Shule niliiacha mapema, lakini amri naielewa. Mkuu wangu, Bwana Septimus Wroughton, Mkaguzi wa Misitu ya Mfalme, alinisomea mara mbili: kila msonobari unaozidi futi moja kwa upana, uliosimama, ulioanguka au uliopasuliwa mbao, uchongwe mshale. Ukishachongwa ni mlingoti mtarajiwa wa manowari. Asiuguse mtu mpaka kibali kitoke London. Atakayegusa, faini pauni hamsini.

"Bila ubaguzi, mkuu?"

"Bila ubaguzi."

Tukaanza na kiwanda cha mbao cha Eliphalet Tarbox. Magogo mia na ishirini, yote mshale. Msumeno ukasimama, na Tarbox, baba wa watoto saba, akawa amepoteza kazi ya majira yote ya baridi. Nikamalizia na mlango wa nyumba yake. Tangu hapo familia ikawa inapita dirishani.

Mkewe, Mama Hepzibah, alipitishia hapo hapo chungu cha maharage na nyama ya nguruwe bila kumwaga hata punje.

"Karibu, mheshimiwa. Yamelala motoni tangu jana. Ila yanasukuma."

Mheshimiwa akala bakuli tatu. Baadaye kidogo akauliza choo kiko wapi, akaenda kwa mwendo usiolingana na cheo chake. Mama Hepzibah akamfuata taratibu, akateremsha komeo la nje.

Mimi nikatokea na shoka. Mlango ule, msonobari mtupu, futi mbili na ushee. Nikachonga.

"Nani anagonga?"

"Ni mimi, mkuu. Zoezi linaendelea."

"Fungua hilo komeo."

"Limeshakuwa la Mfalme, mkuu."

"Nakuamuru."

"Pauni hamsini, mkuu. Mimi sina hata tano."

Tarbox akaja, akakaa kwenye kisiki. "Pole, mheshimiwa. Barua ya London huenda miezi miwili, hurudi miwili. Mpaka hapo utakuwa jirani yetu."

"Tarbox, wewe mhuni."

"Mhuni ni yule anayegusa mali ya Mfalme. Mimi nimekaa tu."

"Unataka nini?"

"Nitake nini mimi? Labda mshale wenyewe uwe batili. Lakini shoka ni lile lile, na mkono ni ule ule uliochonga magogo yangu."

"Baba watoto," akasema Mama Hepzibah, "maharage yamebaki. Tumpitishie kwenye ufa?"

Karatasi ikatoka chini ya mlango. Ilikuwa hati ya kukamata magogo, na nyuma yake imeandikwa: mishale yote iliyochongwa leo Pickerel ni batili. Tarbox akaisoma polepole, akairudisha itiwe tarehe. Ndipo akainua komeo kwa kidole kimoja. Kabla ya jua kuzama msumeno ulikuwa unalia.

Lakini utaratibu ni utaratibu, na ombi la kufungua mlango wa choo nilikuwa nimeshalituma London mkuu akiwa bado ndani. Miezi minne baadaye likaja jibu lenye mhuri: ombi limekataliwa, mlango usifunguliwe hadi meli ije kuuchukua, afisa aliyemo aendelee kuulinda kutokea ndani.

Tarbox amelipigilia misumari jibu hilo humo chooni, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.