Bunduki ya Mwero na Vibuyu Vyangu

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Daftari, hujambo? Mimi sijambo, ila goti. Mramba mume wangu hajambo, yuko uani anasokota kamba. Mwero mwanangu hajambo kwa mwili, kwa moyo nitakueleza. Mbuzi hawajambo, isipokuwa yule mweusi anakohoa kidogo. Kuku hawajambo. Eunice binti yangu hajambo, yuko Diani anatandika vitanda vya wageni. Yeye ndiye aliyekununua. Alisema mama, yale unayonipigia simu mara saba kwa siku, yaandike humu. Sijui daftari huanzwaje, kwa hiyo nimekusalimu. Heshima haidhuru.

Sasa shida. Mwero ni polisi wa akiba hapa Kinango, mwezi wa tatu huu. Analinda mashamba ndovu wasiingie. Amepewa bunduki. Risasi zenyewe hukaa kituoni, anapewa anapokwenda doria tu, na zamu ikiisha anarudisha. Nyumbani huja na bunduki tupu, kama mtu mwenye sufuria hana unga. Mimi nalala vizuri hivyo.

Leo Sajini Lennox amechungulia ndani ya mtutu. Huyu sajini ni mtu wa bara, Kiswahili chake anakivuta kwa kamba. Akasema hii bunduki iko na uchafu mob, yaani tele, ni kama bomba ya choo. Choo! Bunduki ya mwanangu! Akampa hadi Jumamosi. Ikiwa bado chafu atampokonya bunduki na kofia, apewe anayefuata kwenye orodha.

Na anayefuata ni nani? Sharif. Mtoto wa Mama Twaiba, jirani yangu, nyuma ya ua wa minyaa. Mama Twaiba aliyesema mbele ya watu, arusini, kwamba vibuyu vyangu vinanuka moshi. Mimi! Ninayeletewa vibuyu vya maziwa kutoka vijiji vinne nivioshe!

Jioni mume wa Mama Twaiba, Mzee Issa, akaja na kopo la bati. Alikuwa askari wa wanyamapori zamani. Akasema shemeji, nimesikia, humu mna brashi za kusafishia mtutu, Mwero atumie. Nikamwambia asante, tunazo zetu. Hatuna. Lakini baba wa Sharif alete brashi ya kumsaidia Mwero? Mimi si mtoto. Hiyo brashi itakwangua mtutu mpaka utoboke.

Kuosha nitaosha mwenyewe.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Kutwa nimechagua brashi.

Nilipima mdomo wa bunduki kwa kidole cha mwisho. Hakikuingia. Kitundu chembamba hivyo! Nikaenda dukani. Brashi ya chupa ya mtoto: nene mno. Mswaki: mfupi mno, utafika mlangoni tu kama mgeni asiyekaribishwa. Brashi ya viatu nikaiacha. Mwenye duka akauliza naosha nini. Nikasema chupa. Chupa ya namna gani? Ndefu, nikasema, nikaondoka.

Nikatengeneza yangu. Nilichukua makumbi ya nazi, nikayachambua yakawa laini kama nywele, nikayafunga kwa uzi kwenye ncha ya chelewa niliyoichomoa ufagioni. Kitu kizuri! Nilimwonyesha Mramba. Akatazama, akatazama tena, akasema ni nzuri, na ufagio je?

Mwero alikuwa amelala baada ya doria ya alfajiri. Kile chuma cha nyuma alikuwa amekitoa, mtutu uko wazi pande mbili. Nikaingiza brashi kwa mdomoni, kama chupa. Ikaenda. Ikaenda tena. Ikasimama. Nikasukuma. Ka!

Nusu ya chelewa mkononi, nusu ndani ya bunduki ya Serikali.

Mramba alinyoosha waya wa mwavuli wake wa kanisani, akasukuma kutoka nyuma, taratibu. Yakatoka makumbi, ikatoka chelewa, akatoka na buibui mkavu. Buibui! Kwa hiyo nilikuwa nafika mahali.

Mwero akaamka. Akasema mama, tafadhali, nakuomba kwa jina la Mungu, usiiguse. Nikamwahidi.

Mwavuli sasa unafunguka upande mmoja.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimewaza usiku kucha. Makosa yalikuwa kutumia brashi. Kibuyu hakiingizwi brashi! Shingo ya kibuyu ni nyembamba na tumbo liko ndani, mkono haufiki. Tunatia changarawe na maji ya moto, tunaziba, tunatikisa. Changarawe zinafika kila kona. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu, na mama yake alimfundisha hivyo. Na bunduki ni nini? Ni kibuyu cha chuma chenye shingo tupu.

Niliahidi kutoigusa. Basi nikaishika kwa leso.

Nikachagua changarawe ndogo, za mviringo, nikaziosha. Upande wa nyuma nikaziba kwa gunzi. Nikamimina changarawe, nikamimina maji, mdomoni nikaziba kwa gunzi la pili. Nikatikisa. Daftari, ile sauti! Kama kayamba! Nilianza kuimba kidogo.

Mama Twaiba akatokeza kichwa juu ya minyaa. Akauliza, Mama Mwero, leo ngoma ni ya nani? Nikasema naosha kibuyu. Akasema kibuyu hicho kina mkanda wa begani, au macho yangu? Akacheka mpaka akashika ua, na minyaa ina utomvu, ukamwingia mkononi. Mungu yupo.

Nikazibua. Maji yakatoka meusi, raha tupu. Changarawe zikatoka. Si zote. Nilizihesabu zilipoingia, kumi na mbili. Zilitoka kumi na moja.

Nikagonga. Nikapuliza. Nikaielekeza juani nichungulie: giza.

Mwero aliporudi kutoka kisimani nilimweleza mwenyewe, sikumficha. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kinu, akashika kichwa. Mwanangu alitafuta kazi miaka minne. Alikwenda mpaka Msambweni kubeba mawe. Siku alipovaa ile kofia alikuja kunionyesha kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, akasimama mlangoni kama picha.

Nikapika wali wa nazi, katikati ya wiki. Akala, akasema asante mama. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Asubuhi Mwero alichukua bunduki akaenda nayo kwa Mzee Issa. Bila kuniuliza!

Nikakumbuka kwamba nina chekecheke la Mama Twaiba tangu mwezi wa Ramadhani. Jambo la kulirudisha likawa la haraka sana.

Nikawakuta barazani. Nikasema shikamoo kwa Mzee Issa, akaitika marahaba, akanivutia kigoda, akanipa maji ya kunywa. Alikuwa na ufito wa chuma. Akausukuma kutoka nyuma, jiwe likatoka mdomoni, likaanguka kwenye sahani, ting! Mama Twaiba akaliokota, akaniuliza kama ni langu. Nikalipokea. Ni langu.

Kisha Mzee Issa akamfundisha Mwero, nami nikasikiliza huku natazama pengine. Kwanza brashi ya shaba, iliyolingana na tundu, isiwe nene wala nyembamba. Inaingizwa kwa nyuma, itokee mdomoni, ili uchafu usirudi ndani. Ikiwa katikati usiigeuze, itakwama, itavunja nywele zake. Ipite yote ndipo uitoe. Halafu vitambaa, kimoja kimoja, mpaka kitoke cheupe. Cha kwanza kilitoka kama sakafu ya jiko. Cha sita kilitoka kama kanzu ya Idi. Mwero akachungulia, akacheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumatatu.

Brashi yenyewe ni nzuri. Inang'aa kama hereni. Nimeitazama sana.

Mwisho akatia mafuta. Daftari, tone moja! Tone moja kwenye kitambaa, kwa mtutu wote huo! Nikamuuliza, shemeji, hayo ndiyo yote? Akasema mafuta yawe kama kivuli tu, yakizidi ni hasara.

Hapo nikaelewa. Mafuta haba, kutu inaingia, Jumamosi sajini anaona kutu, Sharif anavaa kofia. Mzee mtaratibu, mwenye kigoda na maji ya kunywa, kumbe hesabu zake ni hizo!

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimetia mafuta.

Si mafuta ya dukani. Yangu, ya nazi, nimeyapika mwenyewe, bado yana chicha, makapi ya nazi, kidogo chini na yananukia mpaka barabarani. Ndiyo niliyowapaka Eunice na Mwero walipokuwa wachanga, tazama ngozi zao! Nusu kikombe. Kwa leso, kama kawaida. Mwero alikuwa amelala mchana, na usingizi wake sasa ni mzuri, nikamwonea huruma kumwamsha kwa jambo dogo.

Nikaiegemeza bunduki kwenye ukuta wa jikoni, penye ubaridi.

Mramba akapita, akanusa, akauliza leo tunakaanga nini. Nikasema hatukaangi. Akanitazama. Akachukua mwavuli wake akaenda kuuficha.

Moyo wangu umetulia. Kesho ni kesho.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Daftari, keti.

Walipangwa tisa mbele ya kituo. Sisi wazazi tulisimama chini ya bati la mashine ya kusaga. Mama Twaiba akaja kusimama karibu yangu kabisa, na Mzee Issa na kopo lake. Nikajua wamekuja kuichukua kofia.

Sajini Lennox akaanza. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Akafika kwa Mwero. Akainua mtutu, akafumba jicho moja, lingine akalibandika kwenye bunduki.

Akapiga yowe ambalo sijasikia kwa mtu mzima.

Sungusungu! Walitoka kwenye mtutu wakapanda kope, wakashuka shavuni. Wengine wakafuata kwa mstari, wamepangika kuliko wale askari tisa. Sajini akawa anajipiga makofi mwenyewe. Akamuuliza Mwero, we kijana, hii ni bunduki ama ni mzinga ya nyuki? Akainusa. Akasema na mbona inanuka kama pilau?

Mwero alikuwa ametazama mbele, mashavu yameshuka. Taratibu akageuza macho tu, akanitafuta chini ya bati. Daftari, nilitamani nife. Nikapita katikati ya watu, nikaenda mpaka mbele, nikasema afande, ni mimi. Ni mafuta yangu ya nazi. Mtoto hana kosa, mpokonye mama yake.

Sajini akasema mama hana kitu ya kupokonywa. Nikasema nina vibuyu.

Watu wakacheka. Ndipo Mzee Issa akaja na kopo. Akamsalimu sajini, akaomba ruhusa, akampa Mwero ufito na vitambaa. Mwero akaisafisha mbele ya wote, kutoka nyuma, polepole. Kitambaa cha nne kilitoka cheupe. Sajini akaichunguza kwanza kwa mbali, halafu karibu. Akasema hii sasa ndiyo safi kuliko zote.

Kofia ya Mwero imebaki kichwani kwa Mwero!

Ila kuna sharti. Bunduki italala kituoni pamoja na risasi, na mama yake asiikaribie hatua ishirini. Imeandikwa kitabuni. Jina langu liko kwenye kitabu cha polisi, Dama mke wa Mramba, hatua ishirini.

Njiani nikamwambia Mama Twaiba pole kwa ajili ya Sharif. Akauliza pole ya nini? Sharif yuko Diani wiki ya tatu, anakata majani hotelini, Eunice wako ndiye aliyemtafutia nafasi. Sharif atamfukuza ndovu gani, akasema, na yeye humkimbia hata mbuzi wangu wa ndevu?

Eunice hakuniambia. Au aliniambia kwenye ile simu niliyokuwa naongea mimi.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Nimetafakari kanisani. Nimejua nilichokosea: chicha. Mafuta yangechujwa, sungusungu wasingekuja. Na mtutu uliteleza vile kwa sababu ya nani? Mbona pale nyumbani kitambaa cheupe kilikuwa cha sita, na jana kikawa cha nne? Mzee Issa hawezi kulisema hilo, lakini analijua.

Jana kwa furaha nilimwambia nitambebea kopo lake mpaka nyumbani. Liko hapa. Amesema hana haraka, atalipitia kesho asubuhi na mkewe, watakunywa chai kwetu. Chai! Kwangu! Mama Twaiba!

Nikaitazama birika. Mdomo wa birika ni mwembamba, mweusi kwa majani ya chai ya miaka. Nikaitazama brashi ya shaba. Hata wewe, Daftari, ungeona vinalingana.

Nimeiingiza kwa mdomoni. Ikafika penye kona. Nikaona nigeuze.

Eunice mwanangu, najua hili ni daftari si barua, lakini ukurasa huu Mwero ataupiga picha akutumie, hajui nilichoandika. Hujambo? Sisi hatujambo. Brashi imekwama kwenye birika na imeacha nywele zake humo. Mramba amekataa kutoa mwavuli. Nimeanza kutengeneza nyingine ya makumbi, naipaka manjano ing'ae, kwa mbali inafanana. Lakini huko hotelini, zile chupa nyembamba za wageni, mnaziosha kwa kitu gani? Nitumie jibu sasa hivi, kabla ya chai ya asubuhi, na usimwambie Sharif.