Magari Yaliyokataa Kutusikia

(Hotuba ya Mheshimiwa Adrien Burhani, Mwenyekiti wa Muda wa Kudumu wa Baraza Kuu la Mawasiliano ya Wasema Kiswahili wa Johannesburg, katika kuadhimisha mwaka wa tatu wa Redio Sauti Moja. Ukumbi wa kanisa, Troyeville, Jumapili baada ya ibada. Imeandikwa na Katibu, Pascasie, neno kwa neno, pamoja na yaliyotokea ukumbini, kwa kuwa Mwenyekiti ameagiza makofi yote yaandikwe.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye amepiga simu kwamba yuko njiani, na mimi binafsi namwamini; waheshimiwa maaskofu, mitume na manabii wa maghorofa yote ya mjini kati, kuanzia ya chini penye duka la magodoro hadi ya juu ambako lifti haifiki; mashehe wetu; wenyeviti wenzangu, wenyeviti wastaafu, na wale wanaonyemelea uenyekiti, ambao nawaomba wawe na subira; mama zangu wasusi, mafundi cherehani wa Newtown, walinzi mliotoka shifti na mnaoingia shifti; na nyinyi madereva, ambao leo, niseme wazi, ndio washtakiwa: itifaki, kama ipo, naomba ihesabike imezingatiwa. (Makofi kutoka meza ya mbele, ambayo imekwisha kula.)

Miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi huu huu, mimi, kwa unyenyekevu ambao wengi wenu mmeushuhudia na wachache mmeusifu, niliasisi redio ya kwanza ya Kiswahili katika jiji hili, tena si kwenye FM, ambayo ikifika kilima cha kwanza inachoka na kukaa chini, bali kwenye AM, yaani yale masafa ya kati ambayo wazee wetu kule Uvira, Bujumbura na Kigoma waliyatafuta kwa kuzungusha kitufe polepole mpaka sauti itoke. Nani hapa hakumbuki? Baada ya vita, redio ilikuwa ikisoma majina ya waliopotea, na mtaa mzima unanyamaza, hata anayechapa mtoto anasimamisha mkono hewani. Redio ilirudisha watoto kwa mama zao. Nikasema, mimi Adrien, kwamba jambo hilo nitalileta hapa, kwa viwango vya kimataifa, kwa fremuweki shirikishi na kwa mkakati wa awamu nne, ambao tumeutekeleza kwa asilimia mia moja na kumi, ukiondoa awamu ya kwanza. (Makofi. Wengine wanaulizana awamu ya kwanza ilikuwa nini.)

Ndugu zangu, kuna maneno. Nimeyasikia saluni, nimeyasikia kwenye foleni ya teksi, na juzi nimeyasikia mezani kwangu, yakisemwa na mke wangu. Maneno yenyewe ni kwamba katika miaka hii yote hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuisikia Redio Sauti Moja. (Sauti nyingi: "Ni kweli!") Asanteni kwa kukubaliana nami kwamba maneno yapo.

Kiongozi mwingine angekasirika. Mimi niliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikafanya fizibiliti stadi ya kisayansi kabisa: wajumbe walisimama kwenye robot ya Bertrams, yaani taa za barabarani, siku ambayo taa zake zilikuwa zinawaka, wakagonga vioo vya magari na kuuliza madereva kama redio zao zina AM. Matokeo yanatia uchungu. Asilimia tisini walifunga milango. Asilimia saba walipita kwenye taa nyekundu. Asilimia tatu waliwatupia wajumbe wetu simu zao na pochi na kuomba wasidhuriwe, na vitu hivyo tulivirudisha, vingi kati ya hivyo. Hakuna dereva hata mmoja aliyejibu kwamba ana AM. Sasa nawauliza wasomi mliopo: mtu mwenye AM anakimbia nini? (Kicheko kikubwa. Mwenyekiti ananiashiria niandike makofi.)

Kosa, waheshimiwa, si letu. Kosa ni la magari. Gari la siku hizi lina kioo kikubwa kama televisheni ya sebuleni, lina blutuzi, lina mama ndani yake anayekuambia ugeuke kushoto wakati kushoto ni ukuta, lina hata kiti cha kukupasha joto makalio, lakini ukitafuta AM, hutaiona. Na yale ya umeme ndiyo yenye dhambi zaidi, maana wataalamu wanasema mota yake inatoa mvumo unaoiziba AM, na watengenezaji, badala ya kuituliza mota, wameitoa redio. Ni kama nyumba ambayo mtoto analia, halafu anafukuzwa bibi. Baraza langu halitanyamaza. Tumekwisha andaa azimio kali la kuyataka mataifa yanayotengeneza magari yajitathmini.

(Diane, msusi, kutoka nyuma: "Eish, Président, si mutuwekee tu kwa WhatsApp, tusikilize kwa simu!")

Dada Diane, swali zuri, ingawa halikuombwa. WhatsApp haina hadhi. Je, umewahi kuona kikundi cha WhatsApp kikikatiwa utepe? Umewahi kuona mgeni rasmi akizindua kikundi cha WhatsApp? Tukianza kuongea na watu moja kwa moja, hivi hivi, bila muundo, Baraza litabaki na kazi gani? (Diane: "Ndiyo nauliza.") Tuendelee.

(Fiacre, dereva, Mrundi wa Bertrams, anasimama: "Miye Corolla yangu ni ya zamani. AM iko. Nafunguaga pale pale mulisema. Inafanya shhhh, basi. Shhhh mwaka wa tatu.")

Kaa, ndugu Fiacre, na ubarikiwe. Wananchi, ushahidi mmeusikia wenyewe: shhhh ipo! Shhhh hiyo haikuja kwa bahati. Katika lugha ya kitaalamu tunaiita matayarisho. (Makofi ya meza ya mbele. Fiacre hajakaa.)

Lakini nisiongee takwimu tu, maana mimi pia nina moyo. Niwape mfano hai. Mama Marcelline, simama wakuone. (Mama Marcelline, fundi cherehani, anasimama kidogo na kukaa.) Huyu ndiye aliyeshona suti hii niliyovaa. Mnajua habari yake. Walikuja mji huu pamoja na kaka yake, Placide, wakakaa chumba kimoja, mpaka siku zile za vurugu dhidi ya sisi wageni, maduka yanachomwa, kila mmoja akakimbilia upande wake. Simu ya huyu ikaibwa, chumba cha yule kikapata wapangaji wengine, wakapotezana katika mji mmoja. Sasa binti yake, Orpha, amepata mchumba. Watu wa kijana wamekuja kutoka Pretoria na dot yao, yaani mahari, tena si mara moja, wakanywa soda, wakaambiwa mjomba hajapatikana, wakarudi nayo. Kwa sababu kwetu, hata ukiwa na shahada, hata harusi ikiwa ya hoteli, dot haipokelewi na mama peke yake, lazima akae pale kaka wa mama, aulizwe, "Unamfahamu huyu mtoto?" na yeye aseme, "Ni wetu." Na wale wa Pretoria wamesema wakija tena bila kumkuta mjomba, watapeleka dot yao kwingine. (Orpha amemshika mama yake mkono.)

Mama huyu alifanya nini? Hakulalamika. Alituamini. Placide, anasema, ni mtu wa redio tangu utotoni, simu yake ya tochi haina mtandao, lakini redio haimtoki sikioni. Basi kila Jumapili, baada ya ibada, anavaa kitenge chake kizuri, anapanda ngazi hadi studio yetu, anakaa mbele ya maikrofoni na kusema: "Placide, mtoto wa mama, ni miye Marcelline. Niko muzima. Niko Newtown, ule upande wa soko. Orpha anaolewa. Kuya utuambie ule mtoto ni wetu." Kisha anabaki kimya mbele ya maikrofoni, kama anayengoja mtu aitikie mlangoni. Mimi mwenyewe nimelia. Katibu analia mpaka sasa. (Ni kweli.)

Na Placide hajaja. Kwa nini? Sijamwona mtu huyo, sijui anaendesha nini, lakini mantiki inatuambia: anaendesha gari la kisasa! Gari limemziba masikio! Mama, adui wa ndoa ya bintiyo ni kiwanda cha magari! (Makofi machache. Mama Marcelline anafuta macho kwa pembe ya kitenge.)

Kwa hiyo natangaza Awamu ya Pili. Kufikia mwaka ujao, au ule utakaofuata endapo huo utakuwa na changamoto, Baraza litampa kila dereva wa jumuiya yetu redio ya AM ya kufungwa kwenye dashibodi; tutajenga studio ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza imekuwa na mafanikio; na mimi, licha ya kuombwa na familia nipumzike, nimekubali kuendelea. Nikisema Sauti Moja, mseme Inasikika! Sauti Moja! (Meza ya mbele: "Inasikika!") Magari! ("Yatubu!") Mwenyekiti! (Mwenyekiti anajiitikia mwenyewe: "Aendelee!")

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Namshukuru mwenye jengo, kwa kuturuhusu kusimika juu ya paa ule mlingoti, ambao kwa sasa wapangaji wanaanikia nguo. Mlingoti unaosubiri waya, waya unaosubiri mtambo wa kurushia matangazo, mtambo unaosubiri leseni, leseni inayosubiri barua ya maombi, na barua inayosubiri kamati ikubaliane kama iandikwe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Nawashukuru sana wachungaji kwa kutuazima maikrofoni, ambayo, ingawa haijawahi kuunganishwa na kitu chochote, imetunzwa vizuri na haina vumbi.

(Mama Marcelline amesimama, safari hii wima. "Président. Sasa miye nilikuwa nasema na nani?")

Mama, ulikuwa unasema na historia. Maswali yatakuwa mwishoni. Nawashukuru pia wateja wa upande wa wanaume, maana wengine wanadhani ni akina mama tu wanaotuamini. Kwa mfano yule dereva wa bakkie, yaani pikapu, ambaye Makamu wangu amempokea tena na tena, akija kuleta tangazo la kumtafuta dada yake, naye, kwa utii wa kupigiwa mfano, aliambiwa aende asikilize kwenye gari, na anasikiliza. Bakkie lenyewe ni kuukuu, lina AM nzuri kabisa. Makamu ananiambia kila Jumapili saa kama hizi bwana huyo analiegesha kule juu kwenye kilima cha Kensington, ili mawimbi yamfikie bila kizuizi, na anakaa humo mpaka jua lizame. Huo ndio uzalendo! Bwana Placide, popote ulipo, ahsante.

(Mama Marcelline: "Placide gani?")

Mama, Baraza lina Idara ya Wanaotafuta kwa akina mama na Idara ya Wanaotafuta kwa wanaume, kila moja na mlango wake, na kwa kulinda siri za wateja idara hizo hazisemeshani. (Mimi, Katibu, ni wa akina mama. Sikuwahi kumwona mtu huyo. Mungu anisamehe, tumekaa nyuma ya ukuta mmoja.)

(Mama Marcelline: "Placide gani, Président? Yuko na kovu hapa kwa nyusi? Sema!" Makamu, kutoka meza ya mbele, kwa sauti ndogo: "Analo.")

(Mama Marcelline amepiga ukelele. Viti vinaanguka. Fiacre tayari yuko mlangoni, funguo mkononi: "Mama, twende! Kensington ni hapa tu!" Orpha amevua viatu vya kisigino, anakimbia navyo mkononi. Diane na wasusi wote wanafuata, kisha walinzi, kisha wachungaji. Meza ya mbele nayo imeinuka.)

Waheshimiwa! Waheshimiwa, mnakwenda wapi? Sijasoma azimio! Makamu, rudi! Kaeni, ni utaratibu gani huu, mtu anamfuata ndugu yake kabla hotuba haijafungwa?

(Honi za magari nje. Nyingi.)

Katibu, usiende. Andika kwanza. Andika kwamba leo, chini ya uongozi wangu, Redio Sauti Moja imekuwa redio ya kwanza katika bara hili kukutanisha ndugu waliopotezana bila kurusha tangazo hata moja, na kwamba kwa msingi huo kiwango cha mafanikio ni asilimia mia. Andika na makofi.

(Nimeandika. Nakwenda Kensington.)